Kompyuta na pasi zisichangie ekstensheni moja

Kazi zangu za kuchapa na kuhariri nazifanyia nyumbani, kwenye chumba cha kupanga hapa Dar es Salaam chenye soketi moja tu ya ukutani. Kompyuta ya mezani, monita, ruta na chaja za simu vyote vinategemea ekstensheni moja. Wengi tunaishi hivyo, na ninachotaka kusema ni kwamba usihesabu matundu, hesabu wati.

Kompyuta ya kawaida ya ofisini pamoja na monita yake mara nyingi haifiki wati 300. Ruta na chaja za simu ni mzigo mdogo sana. Unaweza kujaza matundu yote kwa vitu vya aina hiyo na ekstensheni ikabaki baridi. Hatari inaanzia kwenye vitu vya kupasha moto. Pasi hula wati 1,000 na kuendelea, birika la umeme hufika 2,000. Umeme wetu ni volti 230, na plagi ya miguu mitatu mwisho wake ni ampea 13, yaani takriban wati 3,000. Pasi na birika tu vimeshafika hapo.

Tena hiyo ni kama waya wenyewe unaziweza hizo ampea 13. Soma maandishi yaliyopigwa juu ya waya kabla ya kununua. Wa unene wa 0.75 mm² ni wa ampea 6 hivi. Unaofaa mzigo mkubwa ni 1.25 au 1.5 mm². Ekstensheni nyingi za bei rahisi zina waya mwembamba, lakini ndani ya plagi kumewekwa fyuzi ya ampea 13. Hapo waya unaweza kuyeyuka na fyuzi bado nzima! Ndiyo maana kwenye ekstensheni ya kompyuta naweka fyuzi ya ampea 5. Inabeba takriban wati 1,150, na vifaa vyangu havikaribii kiwango hicho. Mdogo wangu akiniambia, "Kaka, nanyoosha shati moja tu," nazima kompyuta vizuri, nachomoa ekstensheni, pasi inakwenda moja kwa moja ukutani. Shati likiisha narudi kazini.

Jambo la pili ni ethi, yaani waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja, na hili linapuuzwa kuliko yote. Ukigusa kasha la chuma la kompyuta ukahisi kama linakutekenya au linapiga shoti kidogo, usizoee. Kifaa cha kugawa umeme ndani ya kompyuta hupitisha kiasi kidogo cha umeme kwenda ethi. Njia ikikosekana, umeme huo unabaki kwenye kasha ukisubiri mkono wako. Huenda ekstensheni haina waya wa tatu, huenda soketi ya ukutani haikuunganishwa ethi, au nyumba nzima haina. Mwite fundi umeme apime kwa mita, na umweleze mwenye nyumba, kwa sababu ni usalama wa wapangaji wote.

Na ile tabia ya kusukuma kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya miguu miwili iingie, tuiache kabisa. Tundu lile ni la ethi, na mguu wake ndio unaofungua vizuizi vya matundu mengine mawili. Plagi iliyoingizwa kwa nguvu hukaa kwa kulegea, na palipolegea hutoa cheche na joto. Tafuta adapta nzuri au badilisha plagi.

Mimi hupitisha mkono kwenye plagi na ekstensheni baada ya kazi ndefu. Kwa mzigo mdogo wa kompyuta, pakiwa na joto la kushtua ujue kuna kiungo kilicholegea. Nabadilisha ekstensheni siku hiyo hiyo. Sizungushii utepe, wala siiweki chini ya zulia au nyuma ya pazia.

Ekstensheni yenye kinga ya umeme unaopanda ghafla inasaidia, ila kinga huchakaa kidogo kidogo huku matundu yakiendelea kutoa umeme. Taa ya kinga ikizimika, usiihesabu tena. Umeme ukikatika, chomoa kompyuta, na ukirudi subiri dakika chache utulie. Radi zikianza, chomoa kila kitu, pamoja na kebo ya intaneti iliyoingia kwenye ruta. Radi ikipiga karibu, hakuna ekstensheni ya dukani itakayoizuia.