Mpiga Piano Mgeni wa Jazi Aanze kwa Kusikiliza Besi

Mpiga piano anayeingia kwenye jazi akitokea kwaya au bendi ya dansi huja na mkono wa kushoto uliozoea kushika besi, na huo ndio wa kwanza kufundishwa upya. Kwa kazi hiyo sioni albamu inayoipita Portrait in Jazz, ambayo mpiga piano Bill Evans aliirekodi New York tarehe 28 Desemba 1959, akiwa na Scott LaFaro kwenye besi na Paul Motian kwenye ngoma. Nyimbo zake nyingi ni za zamani, ambazo kila mwanajazi anazo kichwani.

Usikimbilie solo za piano. Chukua "Autumn Leaves", wimbo wa Joseph Kosma wenye vipimo 32 (kipimo ni fungu la mapigo yanayohesabiwa pamoja), uusikilize ukimfuata LaFaro peke yake hadi uweze kuiimba besi yake. Baada ya wimbo wenyewe kupigwa, besi haitembei pigo kwa pigo kama ilivyozoeleka wakati huo, bali inapokezana na piano vipande vifupi, ngoma ikijizuia sana. Hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea, kwa sababu hakuna anayewahesabia, nao hawajajizoeza kuibeba mizunguko ya vipimo 32 akilini.

Sasa kaa kwenye kinanda. Kodi ya kwanza ya "Autumn Leaves" (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja), katika ufunguo wa G maina anaoutumia Evans, ni C maina yenye noti ya saba. Usiipige C yenyewe; mkono wa kushoto ushike E flati, G, B flati na D, karibu na katikati ya kinanda. Ukiwa peke yako itasikika kama kodi nyingine kabisa, na kishawishi cha kurudisha C kitakuwa kikubwa. Usiirudishe. Mwombe mwenzako apige C kwenye besi, au ujirekodi kwenye simu ukiipiga, kisha uisikilize kodi ileile ikikaa juu yake. Ukiing'ang'ania C chini, utamziba mpiga besi, naye hatakuwa na nafasi ya kukujibu.

"Blue in Green" ya albamu hiyohiyo, utunzi uliosajiliwa kwa majina ya mpiga tarumbeta Miles Davis na Evans, uiache kwa baadaye kidogo. Mzunguko wake una vipimo 10 tu, hivyo sikio lililozoea vipimo vinane vinane hudhani umekwisha kabla haujafika mwisho. Uhesabu kwa sauti rekodi ikipigwa, mikono ikiwa mbali na kinanda, mpaka uweze kutaja kipimo cha kwanza cha kila mzunguko bila kubahatisha.