Spiningi au Beitikasta: Uzito wa Chambo Ndio Uamue

Rili yangu ya kwanza, yaani kifaa cha kukunjia mshipi kwenye fimbo, niliyoitumia kuvulia samaki aitwaye besi, ilikuwa ya aina ya beitikasta, nami niliichagua kwa sababu moja tu: wavuvi niliowaheshimu walikuwa wakiitumia. Msimu mzima nilishinda ukingoni nikifumua mshipi uliojivuruga, nikiamini kwamba mkono wangu ndio usiofaa, kumbe nilikuwa nikirusha vyambo vya mpira vya gramu 3 au 4, ambavyo havikuwa na uzito wa kuizungusha rili ile.

Tofauti ya beitikasta na aina nyingine ya rili, spiningi, imo katika namna mshipi unavyotoka. Rili ya spiningi huning'inia chini ya fimbo, na spuli yake, yaani kigurudumu kinachobeba mshipi, haizunguki wakati wa kurusha. Mshipi huchomoka duara kwa duara kupitia ukingo wa spuli, ndiyo maana hata chambo chepesi huweza kuuvuta. Beitikasta hukaa juu ya fimbo, na chambo kinaporuka ni lazima kiizungushe spuli nzima. Kikipunguza mwendo angani, hasa kinapokutana na upepo wa mbele, nayo spuli ikaendelea na kasi yake ya mwanzo, mshipi hutoka mwingi kuliko unaochukuliwa na kujisokota papo hapo, isipokuwa kidole gumba kiwe tayari kuuzuia.

Kwa hiyo, kabla ya kutazama rili, pima vyambo utakavyotumia. Kwa vilivyo chini ya gramu 7 hivi ningechukua spiningi yenye mshipi mwembamba wa nguvu ya kilo 3 hadi 5, na kwa vinavyozidi gramu 10 ningeanza kuifikiria beitikasta. Zipo beitikasta zilizoundwa mahsusi kwa vyambo vyepesi, lakini simshauri anayeanza aanze nazo.

Jambo la pili ni mahali samaki anapokaa. Besi mwenye mdomo mpana hupenda kujificha kwenye majani mazito na magogo yaliyozama, na niliwahi kumnasa mmoja mkubwa katikati ya mayungiyungi nikiwa na spiningi na mshipi mwembamba. Alizama kwenye mashina, mshipi ukakatika, naye akaenda na ndoano yangu mdomoni, jambo ambalo bado linaniuma. Mahali kama hapo panahitaji beitikasta yenye mshipi wa kusuka wa nguvu ya kilo 23 au zaidi, kwa kuwa mshipi huingia kwenye spuli moja kwa moja bila kukunjwa pembeni, na rili huvuta kwa nguvu. Kwenye maji maangavu yasiyo na vizuizi, ambako samaki huuona mshipi mnene na kusita, spiningi hunipa matokeo bora. Vilevile ni rahisi zaidi kwayo kukirusha chambo kiteleze juu ya maji hadi chini ya matawi yaliyoinama.

Ukiamua kujifunza beitikasta, tumia chambo cha gramu 14 na mshipi wa nailoni wa nguvu ya kilo 5 au 6. Bonyeza kitufe cha kuachia mshipi, kisha legeza skrubu ya pembeni kidogo kidogo mpaka chambo kishuke polepole na spuli isimame mara kinapogusa ardhi. Weka breki za spuli karibu na kiwango cha juu, uzipunguze kadiri kidole gumba kinavyozoea, na urushe kwa mwendo laini usio wa kukurupuka.

Spiningi nayo ina tabia yake ya kuupotosha mshipi. Funga mkono wa waya, ule unaoelekeza mshipi kwenye spuli, kwa kidole badala ya kuzungusha mpini, usizungushe mpini wakati samaki anavuta mshipi kutoka kwenye rili, na usiijaze spuli hadi ukingoni. Acha nafasi ya milimita 2 au 3.

Anayeweza kununua kifaa kimoja tu anunue spiningi ya wastani yenye fimbo ya mita 2 hivi. Beitikasta ikifuata baadaye, inunuliwe pamoja na fimbo yake: fimbo ya spiningi ina pete kubwa za chini, zilizokusudiwa kuituliza mizunguko ya mshipi, ilhali ya beitikasta ina pete ndogo za juu na kishikio cha kidole, na rili ya moja haikai sawasawa kwenye nyingine.