Jeshi la wanamaji linaomba mawazo ya kombora: karakana ya Lamu iandike nini?

SWALI: Assalamu alaykum Bwana Mhandisi. Nina karakana ya boti za faiba hapa Lamu, vijana sita, mmoja wao amesomea elektroniki. Nimesoma kwamba jeshi la wanamaji la Marekani linawaalika watu wa viwanda walete mapendekezo ya utafiti wa kombora jipya la kurushwa kutoka melini. Mambo mawili yamenitatiza. Mtu anaitishaje tenda ya kitu ambacho mwenyewe bado hajakijua? Na sisi wa faiba na mbao tuna neno la kusema hapo, au ni kupoteza wino? Kama lipo, linaandikwaje? – Fundi, Lamu.

JIBU: Waalaykum salaam, fundi. Tuanze na karatasi, maana hapo ndipo wengi hupotea. Zipo tatu, na zote watu huziita "tenda".

Ya kwanza ni ombi la taarifa. Hii haina pesa ndani yake. Jeshi linauliza nani ana nini, kimefika wapi, na kingegharimu kiasi gani. Ukijibu hupewi kandarasi, na usipojibu kwa kawaida hufungiwi mlango wa baadaye. Ya tatu, niirukie kwanza, ni zabuni yenyewe: vipimo vimeshaandikwa, idadi imetajwa, na anayeleta bei na ubora unaofaa ndiye anayechukua.

Uliyoisoma wewe iko katikati: mwaliko wa mapendekezo ya utafiti. Humo jeshi linataja tatizo, halitaji kifaa. Marekani jambo hili limeandikwa kwenye kifungu 35.016 cha kanuni za ununuzi za serikali. Kifungu kinasema njia hii ni ya utafiti, na ya ile sehemu ya maendeleo ambayo haijafungamana na mfumo mmoja maalumu. Ndiyo maana mapendekezo hayalazimiki kushindanishwa moja kwa moja kama bei za saruji. Kila moja linapimwa kwa uzito wake wa kisayansi, kwa umuhimu wake kwa jeshi, na kwa kuwapo kwa fedha. Basi swali lako la kwanza limejijibu: anajua kinachomuuma, dawa bado hajaijua. Tarehe 21 Oktoba 1967 manowari ya Israeli, Eilat, ilizamishwa karibu na Port Said kwa makombora ya Kisovieti yaliyorushwa na boti ndogo za Misri. Siku hiyo kila jeshi la majini lilijua limepungukiwa na nini. Kombora la Marekani la kupiga meli, Harpoon, liliingia kazini mwaka 1977, miaka kumi baadaye.

Ombi la taarifa nalo usilidharau kwa kuwa halilipi. Mwaka 2017 kampuni za Boeing na Lockheed Martin zilijitoa kwenye shindano la kombora la kupiga ng'ambo ya upeo wa macho kwa meli za Marekani, zikilalamika kwamba masharti hayakuupa thamani uwezo wa makombora yao. Akabaki Raytheon na kombora la Kongsberg ya Norway, na tarehe 31 Mei 2018 akapewa kandarasi. Mwenye hoja kuhusu vipimo huitoa vipimo vikiwa bado maji. Vikishaganda, kilichobaki ni kuingia au kutoka.

Sasa la pili. Kwenye kombora lenyewe huna nafasi, na ni afadhali ulijue leo. Injini yake, kichwa chake cha mlipuko na jicho lake la kutafutia shabaha viko chini ya sheria ya Marekani iitwayo ITAR, ambayo huhesabu mchoro, hesabu na hata maelezo ya mdomo kuwa bidhaa inayohitaji kibali kabla ya kumfikia mgeni. Kwa hiyo tangazo utalisoma, lakini viambatisho vyenye vipimo halisi huenda ukavikuta vimefungwa. Usipoteze siku kuwaandikia barua wakufungulie. Vilevile fungu la fedha za utafiti kwa kampuni ndogo za kule hutaka kampuni inayomilikiwa na watu wa kule.

Ila mradi wa kombora si kombora tu. Kuna makasha ya kurushia na mipira yake ya kuzuia maji, kuna majaribio ya chumvi, na kuna kitu ambacho hakuna jaribio la baharini linalokwepa: shabaha. Shabaha inapigwa na inazama, kwa hiyo lazima iwe rahisi. Lazima ionekane kwenye rada kama meli fulani iliyotajwa, si kama meli yoyote. Hapo faiba na mbao zina faida ambayo chuma hakina. Bodi ya chuma huja na mwangwi wake wa rada, na kuupunguza ni kazi kubwa. Bodi ya faiba karibu haina mwangwi wa maana ukiondoa injini, tangi la mafuta na vyuma vya nanga, kwa hiyo unaanza na ukurasa mweupe na kuandika mwangwi unaoutaka. Wavuvi wetu wanalijua jambo hili kwa upande wake mchungu: mashua ya mbao usiku, na meli kubwa isiyoiona.

Mwangwi huo huandikwa kwa kona, yaani bamba tatu za alumini zenye umbo la pembetatu mraba, zilizokutana kama pembe ya chumba. Chukua kona yenye pande za sentimita 60 kuanzia pembeni hadi mdomoni. Kwa rada ya gigahezi 9.4, ambayo wimbi lake ni kama sentimita 3.2, kona hiyo hurudisha mwangwi wa karibu mita za mraba 530 (mwangwi wa rada hupimwa kwa eneo). Ipunguze hadi sentimita 30 na mwangwi unashuka hadi kama 33, kwa sababu ukubwa wa upande huingia kwenye hesabu mara nne: nusu ya upande ni moja ya kumi na sita ya mwangwi. Wimbi nalo huingia mara mbili. Kona ileile ya sentimita 60, ikipigwa na rada ya gigahezi 3, hurudisha kama mita za mraba 54 tu. Pendekezo linalosema "shabaha yetu ina mwangwi wa 500" bila kutaja masafa ya rada halisemi kitu, na msomaji wake atalijua hilo kwenye mstari wa kwanza.

Kinachoharibu kona ni pembe. Bamba zisipokutana kwa digrii 90 kamili, mwangwi hutawanyika badala ya kurudi, na kadiri kona inavyokuwa kubwa ndivyo isivyovumilia kosa. Huhitaji chombo cha maabara kulikamata. Kwa pande za sentimita 60, kila ukingo wa mdomo unatakiwa upime sentimita 84.9. Ukipata 85.6, bamba hizo mbili zimefunguka hadi digrii 91. Ni milimita saba, fundi, na futi ya kawaida inaziona. Pima kingo zote tatu, uandike, kisha upime tena baada ya kona kukokotwa baharini siku nzima, maana kona iliyofungwa kwa ribiti chache hulegea. Toboa kitundu cha milimita 5 au 6 mahali bamba zinapokutana ili maji yasisimame ndani. Kumbuka pia kona moja huhudumia takriban digrii 40 tu za upande unaoelekea. Ukitaka mzunguko mzima utahitaji nane mgongo kwa mgongo, au upange chache kwa makusudi ili shabaha iwe na ubavu mkubwa na omo ndogo, kama meli ilivyo.

Kosa jingine liko kwenye kimo. Rada hupokea mwangwi ulionyooka na mwingine uliogonga maji kwanza, na hizo mbili huongezana au huuana kulingana na urefu wa mlingoti, umbali na mawimbi. Ndiyo maana shabaha iliyopimwa vizuri nchi kavu huonekana ikiwaka na kuzimika baharini. Jaribu vimo viwili au vitatu, na uripoti vyote, hata kile kilichokuaibisha.

Kuhusu chumvi, mtakutana na jina MIL-STD-810, kiwango cha majaribio cha jeshi la Marekani, njia ya 509: ukungu wa chumvi ya asilimia 5 kwa nyuzi 35, saa 24 za unyevu na saa 24 za kukauka, kisha mzunguko huo tena. Chumba cha jaribio hilo huna, na usidai unacho. Ulichonacho ni nguzo kwenye mstari wa maji kujaa na kupwa. Weka vipande vya alumini vilivyofungwa kwa bolti za stenlesi, nusu vikiwa na washa za nailoni na nusu bila. Vipime uzito kabla, vipige picha yenye tarehe kila wiki, uvipime tena baada ya miezi mitatu. Alumini ikigusana na stenlesi kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Hilo kila mtu analijua. Wanachokosa wengi ni namba zao wenyewe.

Basi tuje kwenye kuandika. Mwaliko wa namna hii kwa kawaida una hatua mbili: waraka wa awali wa kurasa chache, na wakiupenda, pendekezo kamili lenye bajeti. Hesabu ya kurasa ni sheria, iliyozidi haisomwi. Waraka mzuri hujibu maswali ambayo George Heilmeier, aliyeongoza DARPA, shirika la utafiti wa kijeshi la Marekani, katikati ya miaka ya 1970, aliyaweka kuwa kipimo, na bado yanatumika: unajaribu kufanya nini, bila maneno magumu, leo inafanywaje na inakwama wapi, kipya chako ni kipi, nani atafaidika, hatari ni zipi, itagharimu kiasi gani na itachukua muda gani, na mtihani wa katikati na wa mwisho ni upi. Swali la mwisho ndilo linalowaangusha wengi. "Tutajenga shabaha bora" si mtihani. "Mwezi wa tano, mwangwi wa ubavuni utabaki kati ya mita za mraba 400 na 600 kwa gigahezi 9.4 katika hali ya bahari 3, tusipofikia tunasimama" ni mtihani. Andika kinachowasimamisha. Mtoa fedha humwamini zaidi mtu anayejua lini atoe nanga na lini aitie.

Hali ya bahari andika kwa namba. Daraja la 3 ni mawimbi ya nusu mita hadi mita 1.25, la 4 ni 1.25 hadi 2.5. "Bahari chafu" achia baraza. Na ratiba yenu ifuate pepo: usipange kukokota shabaha nje ya Manda mwezi wa sita na wa saba kusi ikiwa na nguvu, halafu ulaumu hali ya hewa kwenye ripoti.

Kuna pia daraja za ukomavu wa teknolojia, 1 hadi 9. La 4 ni sehemu zilizofanya kazi pamoja ndani ya karakana au maabara. La 5 ni hivyohivyo katika mazingira yanayofanana na ya kazi, na la 6 ni kielelezo kamili kilichoonyeshwa humo. Jaribio kwenye maji yaliyokingwa na kisiwa halikupi 6. Jiandikie 4 ya kweli na ueleze njia ya kwenda 5.

Bei igawe: vifaa, saa za mafundi, mafuta ya boti ya kukokota, bima, usafiri, na gharama ya shabaha moja itakayozama. Malipo mara nyingi huja baada ya hatua kukamilika, si kabla, na hapo ndipo karakana ndogo hufa ikiwa na kandarasi mkononi. Jiulize mtalishaje vijana sita kwa miezi mitatu kabla ya shilingi ya kwanza.

Ushauri wangu: msiingie peke yenu. Tafuteni kampuni ya kule inayoandika pendekezo kuu, nanyi mbebe kipande cha shabaha. Na mlango wa nyumbani uko karibu zaidi. Jeshi la Wanamaji la Kenya lina kituo Manda, mizinga nayo inahitaji shabaha, na sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 huenda sambamba na mpango wa kutengea asilimia 30 vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kama vijana wako wana kampuni iliyosajiliwa hivyo, cheti kitoeni sasa.

Mkiamua kwenda moja kwa moja, usajili uanze kabla ya kuandika. Kampuni ya nje hupata kwanza namba ya NCAGE, yaani utambulisho wa wauzaji unaotumiwa na nchi za NATO, kisha husajiliwa SAM.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kusajili wanaotaka kandarasi, na kupewa namba ya utambulisho ya UEI, ambayo tangu tarehe 4 Aprili 2022 ndiyo iliyochukua nafasi ya namba ya zamani, DUNS. Inaweza kuchukua wiki kadhaa, na hukwama kwa kitu kidogo: jina na anwani lazima zifanane herufi kwa herufi na cheti, na sanduku la posta halikubaliwi kuwa anwani ya mahali. Mji usio na majina ya barabara kwenye kila mtaa una kazi hapo. Tumia namba ya kiwanja iliyo kwenye hati, na uiandike vilevile kila mahali.

Na saa. Wakisema mwisho ni saa nane mchana ya Washington, kwenu ni saa tatu usiku kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, na saa nne usiku siku nyingine, kwa sababu wao husogeza saa zao na sisi hatusogezi. Mtandao wa kupokelea hujaa siku ya mwisho, na faili iliyofika dakika moja baadaye kwa kawaida haifunguliwi. Tuma siku mbili kabla, mchana, umeme ukiwapo.