Nimechanja, mbona ndama bado wanakohoa?

SWALI: Ndama wangu wanne walidungwa chanjo ya virusi vya kikohozi wakiwa na wiki tatu. Baridi ya Julai ilipoingia, watatu wakaanza kukohoa na kutweta. Daktari anasema chanjo huenda "haikushika". Haikushika vipi?
Mfugaji, Molo

JIBU: Kwanza papasa tezi zilizo chini ya sikio na mbele ya bega. Zikiwa zimevimba, na kuna kupe, huenda ni ndigana kali, ambayo nayo hujaza mapafu maji. Damu ipimwe leo, usingoje.

Kama kweli ni kirusi cha RSV cha ng'ombe, yaani hicho cha kikohozi, tatizo liko juu ya ngozi ya kirusi chenyewe. Hapo pana protini iitwayo F, iliyokaa kama mtego uliotegwa. Ikigusa seli ya pafu hufyatuka, ikabadili umbo, na kirusi kikaingia. Kingamwili (askari wa mwili) zenye nguvu kuliko zote hushika kile kichwa cha mtego kabla haujafyatuka; ukishafyatuka, kichwa hakipo tena. Ubaya ni kwamba joto na formalini, dawa ya kuua kirusi wakati wa kutengeneza chanjo, huufyatua pia, basi mwili unafundishwa sura isiyofaa. Mwaka 2013 wanasayansi Marekani waliikaza F ya kirusi cha binadamu isifyatuke. Mwaka 2017 ikajaribiwa F ya ng'ombe iliyokazwa hivyo: ndama waliopewa hiyo walikingwa vizuri, ilhali waliopewa F iliyofyatuka wote walikutwa na kirusi.

Hao wako, lakini, nadhani walikwamia kwenye dang'a, maziwa ya kwanza ya mama. Kingamwili walizonywa humo bado ni nyingi katika wiki ya tatu, nazo huidaka chanjo ya sindano kabla mwili wa ndama haujaijua. Umri huo afadhali chanjo ya kutiwa puani. Waliodungwa mapema warudiwe wakifika miezi minne hivi. Chanjo iliyouawa (ya kirusi kilichokufa) hutaka dozi mbili, wiki 3 hadi 4 kati yake, na dozi moja tu ni hasara.

Uliza pia chupa ilisafirije. Inatakiwa nyuzi 2 hadi 8, na ile iliyouawa isigande kamwe. Chanjo hai (ya kirusi kilichodhoofishwa) ikishachanganywa na maji yake, itumike ndani ya saa moja, kivulini. Bomba la sindano lichemshwe na kupoa. Ukiliosha kwa dawa ya kuua vijidudu, mabaki yake yataua na hicho kirusi cha chanjo.