Maswali Yenu: Baiskeli Kwenye Matuta ya Mifereji ya Usangu

Barua nyingi za safari hii zinahusu njia za changarawe zinazofuata mifereji ya mpunga na mito ya bonde la Usangu, mkoani Mbeya, kuanzia Igurusi na Chimala hadi Ubaruku, Rujewa na Madibira. Huko ni tambarare, kwa hiyo kinachomtesa mpanda baiskeli si mlima. Ni miba, udongo na upepo.

Wahariri, salaam. Nina baiskeli ya gia yenye tairi za inchi 26 kwa 1.95. Kila nikifuata mfereji narudi nikiisukuma. Fundi anaziba pancha, kesho yake upepo umepungua tena. Kosa ni la tairi au la fundi? — Msomaji, Igurusi

Ndugu yetu, kabla ya kumlaumu yeyote, lichunguze tundu lenyewe. Kwanza weka alama ya kalamu kwenye tairi mahali ilipo pini ya kujazia upepo, ndipo utoe tyubu. Ijaze upepo, izamishe kwenye beseni la maji, kisha ilaze juu ya tairi pini ikiwa kwenye alama. Utaona tundu linaangukia wapi.

Tundu moja dogo upande wa nje wa tyubu ni mwiba. Matundu mawili yaliyokaa sambamba yanatokana na tyubu kubanwa kati ya rimu na kitu kigumu, mara nyingi ukingo wa zege wa kalavati, tairi likiwa na upepo mdogo. Tundu likiwa upande wa ndani, unaogusa rimu, ni kichwa cha spoku kilichojitokeza au utepe wa rimu uliosogea. Utepe wa kudumu unaweza kuukata kwenye tyubu chakavu, upana wa sentimita mbili. Na tyubu ikichanika kwenye shina la pini, umeendesha tairi likiwa laini hadi tyubu ikajivuta ndani na pini ikabaki imelala. Hiyo haizibiki, nunua nyingine.

Kwako tunashuku mbigili. Mmea huu hutambaa chini kwenye kingo kavu na pembezoni mwa mashamba, na tunda lake lina miba migumu inayoweza kupenya tairi la kawaida. Tatizo la pancha zake ni kwamba ncha hukatika na kubaki ndani ya tairi. Fundi anaziba tyubu, ncha inatoboa tena pembeni ya kiraka. Dawa yake: geuza tairi ndani nje na upitishe kitambaa taratibu pande zote. Kitambaa kikikwama, hapo ndipo penye ncha. Itoe kwa koleo ndogo. Usitumie kidole kitupu.

Kiraka nacho kina masharti. Sugua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka, paka solusheni (gundi ya viraka) nyembamba, subiri dakika tano hadi isishike kidoleni, ndipo ubandike na kukandamiza kwa nguvu. Anayebandika solusheni ikiwa mbichi anapata kiraka kitakachobanduka juani. Tyubu ya solusheni ikishafunguliwa hukauka, kwa hiyo safarini beba ambayo haijafunguliwa.

Kwa kinga, chukua tyubu kuukuu, kata pini, ipasue kwa urefu upande wa ndani, kisha itandike kati ya tairi na tyubu mpya. Baiskeli itakuwa nzito kidogo, lakini kwa mazingira ya huko uzito huo unalipa. Ukitoka kwenye majani, simama, zungusha gurudumu na uangalie. Mbigili ikiwa imechomeka na tairi bado ni gumu, iache mpaka ufike penye zana. Ukiichomoa pale pale upepo wote unaweza kutoka.

Mwisho, upepo. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi kama zako aweke psi (kipimo cha mgandamizo wa upepo) 35 mbele na 40 nyuma. Pampu za vituo vya mafuta zina kipimo na zinaingia kwenye pini nene kama ya gari. Jaza kidogo kidogo, kwa sababu mashine ile ni ya magari na tyubu ya baiskeli inapasuka upesi.

Mimi natumia Phoenix ya kawaida. Je, inafaa kwa safari hizi au ni lazima ninunue hizi za changarawe wanazouza mitandaoni? — Kijana wa Chimala

Inafaa, kijana wetu. Zile za changarawe zina tairi za milimita 38 hadi 50, usukani uliopinda chini, breki za diski na nafasi pana kati ya tairi na fremu. Zinasaidia, lakini wakulima wa Usangu wanabeba magunia kwa Phoenix kwenye njia hizo hizo.

Rekebisha mambo machache. Kama gia ya nyuma ina meno 18, weka ya 22, ili mchangani usilazimike kusimama juu ya pedali. Mnyororo uongezwe pingili mbili. Kimpira cha kwenye pini ya Phoenix huchakaa kwa joto na kuvujisha upepo polepole, kwa hiyo beba viwili vya akiba. Na kumbuka kwamba breki za vyuma kwenye rimu ya kung'aa hazishiki zikilowa. Kwenye tambarare utavumilia. Lakini ukishawishika kupanda zile kona 57 za barabara ya mlimani kutoka Chimala kwenda Matamba, usishuke nayo ukiwa juu yake. Ishuke kwa miguu.

Tope ndilo adui wa kweli wa Phoenix. Ule udongo mweusi wa mbuga ukilowa unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na ukilazimisha unapinda madigadi au kukata spoku. Mvua kubwa ikinyesha, acha siku mbili tatu za jua zipite. Kama ni lazima uende, fungua madigadi uziache nyumbani, beba kijiti cha kukwangulia, na ufuate tuta la mfereji mkuu lililomwagwa kifusi. Usikate njia ya mkato mbugani.

Nakaa Mbeya mjini. Ni miezi gani mizuri, na nianzie wapi? — Dada wa Soweto, Mbeya

Dada, miezi mizuri ni Juni hadi Septemba. Mvua zimekwisha na joto halijapanda. Oktoba na Novemba Usangu huwaka jua kali, kwa sababu bonde liko kama mita 1,000 hadi 1,100 juu ya usawa wa bahari, chini sana kuliko Mbeya mjini. Usipime hali ya hewa ya huko kwa baridi ya nyumbani kwako.

Usishuke na baiskeli kwenye barabara kuu ya TANZAM. Malori ya Tunduma ni mengi na mteremko wa Inyala si mahali pa baiskeli. Pakia kwenye basi hadi Igurusi au Chimala, ukiwa umefungua gurudumu la mbele na kufunga mnyororo kwa gunia. Uanze saa 12 na nusu asubuhi. Upepo wa kiangazi kwa kawaida huvuma kutoka mashariki na kusini-mashariki na kuzidi mchana, na tambarare haina cha kuukinga. Kwa hiyo asubuhi elekea unakotoka upepo, mchana ukusukume kurudi. Watu wengi hufanya kinyume, wanakwenda kwa raha na kurudi wakilia.

Beba maji lita tatu, na unywe nusu lita hadi lita moja kila saa. Ukitoka jasho jingi, changanya lita moja ya maji safi na vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Wakati wa mavuno angalia mitaro ya pawatila (trekta dogo la kusukuma kwa mikono). Magurudumu yake hukata udongo ukiwa mbichi, nao unakauka kama zege. Tairi la mbele likiingia humo huwezi kulitoa kwa kukata kona kidogo. Litakwama na wewe utaruka. Ama kaa katikati ya mitaro, ama shuka.

Ukifuata maji kuelekea kinamasi cha Ihefu, uliza kwanza ofisi ya kijiji. Pori la Akiba Usangu liliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008, na hifadhini huingii bila kibali. Kuna viboko na mamba pia.

Naweza kuoga au kunywa maji ya mfereji nikiishiwa? — Msomaji, Rujewa

Hapana kwa yote mawili. Konokono wa maji yaliyotulia hubeba vimelea vya kichocho, navyo hupenya ngozi bila hata jeraha. Kama umeshaingia, jifute kwa nguvu mara moja, na ukapime wiki sita hadi nane baadaye hata kama huoni damu kwenye mkojo. Matibabu yapo, ni vidonge vinavyopimwa kwa uzito wako. Kuchemsha kunaua vimelea, lakini hakuondoi mbolea na viuatilifu vinavyotiririka kutoka majarubani (vitalu vya mpunga). Jaza chupa kwenye bomba au kisima cha kijiji.

Mimi ni mkulima. Hawa waendesha baiskeli wanapita juu ya kingo za majaruba yetu. Waambieni. — Mzee, Ubaruku

Shikamoo mzee, na tunakuunga mkono. Wasomaji, njia ya baiskeli ni tuta la mfereji mkuu na barabara za skimu. Ukingo wa jaruba ni tope lililopangwa kwa jembe. Gurudumu likichora mstari juu yake, maji yanapata upenyo, na usiku jaruba zima linaweza kukauka mpunga ukiwa unatoa masuke. Usiguse geti la maji hata kama linakuzuia. Zamu zinapangwa na mgawa maji, na mwenzako wa chini anasubiri yake. Kwenye banio (kizuizi cha kuelekeza maji ya mto mferejini), shuka utembee. Ukikutana na ng'ombe, simama upande usio na maji, usipige kengele, wapite.

Vumbi linakula mnyororo wangu. Nipake oili ya injini? — Msomaji, Igawa

Usipake oili chafu (iliyokwisha kutumika kwenye injini), inashika vumbi na kugeuka msasa. Futa mnyororo kwa kitambaa kikavu, weka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila pingili, zungusha pedali, kisha futa yanayobaki nje. Kwa baiskeli ya gia, pima kwa rula kutoka katikati ya pini moja ya mnyororo hadi nyingine. Pingili 24 ziwe inchi 12 kamili. Zikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha mnyororo kabla haujala meno ya gia.