Majaribio ya Node.js yanayopita leo na kufeli kesho: usiyarudie kabla hujajua sababu

Ndugu, umesema majaribio yako matatu ya Node.js (programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari) yanapita vizuri kwenye laptopu, ila yakifika kwenye seva ya CI, ile inayoendesha majaribio yenyewe kila kodi inapobadilika, mara yanafeli, mara yanapita, na wenzako wanataka muweke mpangilio wa kuyarudia hadi yakubali. Nakusihi mngoje kwanza. Sisi tuliyarudia kwa miezi minne, kumbe hitilafu iliyoyaangusha ilikuwa inawasumbua wateja wetu pia.

Kwetu ilianza tulipohama kutoka Node 18 kwenda 20. Jaribio letu la kuingia kwenye akaunti likawa linatoa ECONNRESET, yaani kosa la muunganisho kukatwa ghafla na upande wa pili, mara moja moja. Tukalaumu mtandao wa CI. Siku moja nikaamua kulitafuta: nikalibana likimbie kwenye kiini kimoja cha prosesa kwa amri ya Linux `taskset -c 0`, nikawasha kazi nyingine nzito pembeni, kisha nikalizungusha mara mia tano. Likaanza kufeli karibu kila dakika, na hapo nilipumua, maana hitilafu unayoweza kuiita ikaja ni nusu ya kazi.

Nikawasha `NODE_DEBUG=http,net`, inayoifanya Node ichapishe kila hatua ya mtandao, nikasoma mstari kwa mstari. Jaribio lilituma ombi la kwanza, likakokotoa nywila kwa `pbkdf2Sync`, kisha likatuma ombi la pili. Ile Sync husimamisha mzunguko wote wa matukio (event loop), ambao Node huutumia kushughulikia kila kitu kwa zamu. Kwangu ilichukua sekunde mbili. CI ilipozidiwa ilikaribia tano au kupita. Na seva ya HTTP ya Node 20, usipoibadilisha, hufunga soketi, yaani muunganisho wa mtandao, iliyokaa kimya kwa sekunde 5. Kuanzia toleo la 19 upande wa mteja nao hutunza soketi ili uitumie tena. Kwa hiyo seva ilikuwa imeshaaga, mteja hakuwa na nafasi ya kusikia, akaandika ombi lake kwenye soketi iliyokufa.

Kwenye jaribio dawa ilikuwa rahisi: `pbkdf2` isiyozuia, ambayo kazi yake hufanywa pembeni na nyuzi za libuv, maktaba iliyo ndani ya Node. Lakini sikutulia. Seva yetu halisi ilikaa nyuma ya kigawa mzigo (load balancer, kinachogawa maombi ya wateja kwa seva) kinachoshikilia soketi kimya kwa sekunde 60, wakati Node yetu ilizifunga baada ya 5. Zile 502, makosa ya kigawa mzigo kukosa jibu sahihi kutoka kwa seva, ambazo wateja walilalamikia, na ambazo hatukuwahi kuzipatia maelezo, chanzo chake kilikuwa hichohicho. Tukaweka `server.keepAliveTimeout = 65000`, zikakoma.

Kwa yako, kabla hujafika mbali kama mimi, angalia haya. Kama umeandika poti 3000 kwa mkono na mafaili ya majaribio yanakimbia sambamba, yataigombania. Tumia `listen(0)`, mfumo ukuchagulie poti iliyo wazi, kisha uulize `server.address().port`. Ukiona ECONNREFUSED (muunganisho umekataliwa) kwenye `localhost`, kumbuka tangu Node 17 jina hilo linaweza kukupeleka `::1`, anwani ya IPv6, wakati seva yako inasikiliza `127.0.0.1` tu. Na popote ulipoandika `setTimeout` ya milisekunde 500 kusubiri kitu kiwe tayari, futa, usubiri tukio lenyewe kwa `events.once`. Hilo la mwisho ndilo ninaloliona mara nyingi zaidi kwenye kodi za watu.

Ikibidi jaribio lisizuie kazi ya wengine kwa sasa, liandike kwa jina kuwa linayumba, kama mradi wa Node wenyewe unavyofanya kwenye faili lake la `parallel.status`, ili kila mtu alione na mtu mmoja apewe jukumu lake. Kulirudia kimyakimya kunalificha hata kwa ninyi mnaolimiliki.

Jaribu kulibana kwa kiini kimoja leo. Likifeli, bandika hapa mistari ishirini ya mwisho ya `NODE_DEBUG` pamoja na toleo la Node unalotumia, tuisome pamoja.