Umekabidhiwa wodi: rosta, ripoti na watu walionuniana

Katika hospitali zetu za Unguja na Pemba ugomvi wa wauguzi hausikiki. Watu wawili huacha kusemeshana, mmoja humtumia mwenziwe ujumbe kupitia kwa mhudumu, na faili la mgonjwa huachwa mezani badala ya kukabidhiwa mkononi. Inchaji mpya, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, huona wodi imetulia. Hadi siku dripu ikauke kitanda cha sita na kila mmoja aseme alidhani mwenziwe ameibadilisha, ndipo anapoambiwa kuwa hawa wana miezi hawazungumzi.

Inchaji wengi hukimbilia kupatanisha. Wanaita watu ofisini, wanawakumbusha kuwa sote ni ndugu, mikono inapeanwa, na baada ya wiki mambo ni yale yale. Anza kwingine. Kabla ya kugusa tabia ya mtu yeyote, kagua karatasi mbili: rosta, yaani ratiba ya zamu, na ripoti ya makabidhiano. Sehemu kubwa ya kinachoitwa "Fulani ana roho mbaya" huzaliwa humo.

Rosta, na deni lisiloandikwa

Chukua wodi inayohitaji wauguzi watatu asubuhi, wawili mchana na wawili usiku. Tuseme asubuhi ni saa 1:30 hadi saa 8:00, mchana ni saa 8:00 hadi saa 2:00 usiku, na usiku ni saa 2:00 hadi saa 1:30 asubuhi. Watatu mara saa sita na nusu ni saa 19 na nusu. Wawili mara sita ni 12. Wawili mara kumi na moja na nusu ni 23. Jumla ni saa 54 na nusu kwa siku, na kwa wiki ni saa 381 na nusu. Muuguzi akifanya saa 40 kwa wiki, wodi hiyo inataka watu kumi, na hapo hujahesabu likizo, kuumwa, semina wala dakika za makabidhiano.

Sasa tuseme unao wanane. Wanane ni saa 320. Kila wiki kuna pengo la saa 61 na nusu, yaani zaidi ya zamu tano za usiku. Pengo hilo lipo, uliandike usiliandike. Usipoliandika litajazwa na wale wasiojua kukataa: muuguzi mpya, asiye na watoto, anayekaa jirani na hospitali. Hao ndio watakaonuna mwezi wa tatu, na utaambiwa vijana wa siku hizi hawana moyo wa kazi.

Liandike chini ya rosta kwa tarakimu, na umpelekee metroni, mkuu wa wauguzi, kila mwezi hesabu yake, si malalamiko. "Tuna upungufu wa saa 61 kwa wiki" ni neno linaloweza kujibiwa kwa kuazima mtu au kupunguza wa asubuhi. "Tumechoka" halina jibu.

Kisha weka jedwali la pili pembeni: kila jina, na idadi ya usiku, Jumamosi, Jumapili na sikukuu alizofanya. Jedwali hili halifutwi mwisho wa mwezi, linaendelea. Usiku mmoja ni karibu zamu mbili za mchana, kwa hiyo mwenye usiku sita na mwenye mchana sita hawako sawa hata kama kila mmoja ana alama sita. Bandika rosta wiki mbili kabla haijaanza. Usiku usizidi mitatu mfululizo, na baada yake mtu apate siku mbili kamili. Siku anayotoka zamu ya usiku si siku ya mapumziko, ingawa rosta nyingi huihesabu hivyo.

Kubadilishana zamu kuruhusiwe, ila kwa maandishi: wote wawili wasaini, inchaji asaini, na mkunga abadilishane na mkunga. Mwenye jina kwenye rosta anabaki na dhamana mpaka mwenziwe aingie wodini. Kauli ya "nilimwambia Fulani anishikie" isikubaliwe.

Pemba kuna jambo jengine. Wapo wauguzi waliopangiwa huko na familia zao ziko Unguja, na siku zao za mapumziko huvuka. Upepo wa kusi ukikaza, boti inaweza isiondoke. Usimpange mtu wa namna hiyo zamu ya usiku siku ile ile anayotarajiwa kurudi. Mpange kesho yake. Akichelewa kwa bahari, mwenziwe aliyekesha mara mbili hataihesabu bahari, atamhesabu yeye.

Ramadhani iandaliwe tangu Shaabani. Zamu ya mchana ndiyo inayokutana na futari, na hapo hutokea dhuluma ya kimyakimya: zamu za mchana za mwezi mzima zinarundikwa kwa muuguzi Mkristo kutoka Bara, kwa hoja kwamba "wewe hufungi". Mwezi mmoja atanyamaza. Mgawie zaidi kidogo kama mwenyewe ameridhia, uandike kwenye lile jedwali, na Krismasi na Pasaka arudishiwe. Waliofunga wafuturu kwa zamu: mmoja anywe maji na ale tende, mwengine abaki na wagonjwa, kisha wabadilishane kabla ya kusali. Dakika kumi na tano kila mmoja zinatosha. Wodi ikibaki tupu wakati wa magharibi, jamaa wa mgonjwa ndiye atakayekuja kukwita, na atakuja na hasira zake. Ijumaa pia, panga nani aende msikitini wiki hii na nani wiki ijayo. Hilo halihitaji kikao.

Makabidhiano

Mahali pa kukabidhiana ni kitandani. Mezani, anayetoka ana mkoba begani na macho yako kwenye daladala, anayeingia anaitikia "sawa, sawa", na ripoti inasema "wagonjwa wote wako vizuri". Kwa wodi ya vitanda 24 tenga nusu saa. Anzeni na wagonjwa mahututi, dakika mbili au tatu kila mmoja, waliobaki dakika moja moja. Semeni ana nini, hali yake sasa, kipi kinamwingia na kimeanza saa ngapi, kipi kinafuata na saa ngapi, na jamaa zake wameambiwa nini. Hilo la mwisho husahaulika sana, na ndilo linalozua ugomvi, maana jamaa akipata majibu mawili humwona mmoja wenu mwongo.

Tazama mama mwenye kifafa cha mimba aliye kwenye magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege. Baada ya dozi ya kuanzia, kwa utaratibu wa sindano za makalioni anapata gramu 5 kila baada ya saa 4. Kabla ya kila dozi pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liitike likigongwa, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Dozi ya saa 8 mchana imeangukia kwenye makabidhiano. Anayetoka anajua anayeingia ataitoa, anayeingia anadhani imeshatolewa. Ikirukwa, degedege linaweza kurudi. Ikitolewa na wote wawili, pumzi zinaweza kusimama. Wauguzi wawili walionuniana hawaulizani, na hapo ndipo kununa kunapokuwa hatari kwa mtu wa tatu. Kwa hiyo dozi yoyote inayoangukia ndani ya nusu saa ya makabidhiano itolewe mara moja tu, na mmoja wao, mwenziwe akiwa amesimama hapo, isainiwe hapo hapo, na kalsiamu glukoneti gramu 1, dawa ya kuzimua magnesiamu ikizidi, ionekane kwa macho kwenye toroli ya dharura.

Mkimaliza vitanda, hesabuni morfini, pethidini na diazepamu, na wote wasaini. Tazameni geji ya mtungi wa oksijeni. Anayetoka asiondoke mpaka anayeingia aseme "nimepokea".

Kumwambia mkubwa

Muhali, ile haya ya kumkatalia mtu, ndio maradhi yetu. Muuguzi anaona dozi imeandikwa kimakosa na hasemi, kwa sababu aliyeandika ni daktari, au ni Bi Fulani aliyemzalisha mama yake. Wafundishe maneno matatu yanayopanda ngazi, na wayaseme kwa sauti kwenye mkutano wa wodi mpaka yazoeleke mdomoni: "Nina wasiwasi na hii dozi." Asiposikilizwa: "Sijaridhika, naomba tuihakikishe pamoja." Bado: "Tusimame kwanza, mgonjwa yuko hatarini." La tatu likitamkwa, kila mtu anasimama, hata aliyelisema akiwa ndiye mdogo kuliko wote. Akikosea, asichekwe. Ukiruhusu achekwe mara moja hutalisikia tena neno hilo.

Kumpigia daktari simu usiku kuna mpangilio wake: hali, historia, unachokiona, unachotaka. "Daktari, ni wodi ya wazazi. Mama kitanda cha nne anatoka damu nyingi, imefika mililita 700, presha 90 kwa 50, mapigo 124. Amejifungua saa 3 usiku, amepata oksitosini yuniti 10 ya msuli. Mfuko wa uzazi ni laini, haukazi. Tunausugua, dripu ya oksitosini imeanza, damu imetolewa kwa kupima kundi. Naomba uje sasa hivi." Ukisema tu "daktari, mgonjwa hayuko vizuri", atauliza maswali kumi, wewe utaona anadharau na yeye ataona unababaika. Agizo la mdomo liandike, mrudishie kwa kumsomea, asaini akifika. Hili lina uzito zaidi kwetu kwa kuwa madaktari wa Kichina wamekuwa wakihudumu Zanzibar tangu 1964, na "kumi na tano" na "hamsini" katika Kiingereza cha watu wawili ambao si chao hukaribiana mno.

Kuhusu kijana mwenye digrii anayeongoza mkunga wa miaka mingi mwenye cheti: shikamoo ibaki, "Bi" ibaki, na agizo libaki. Mtake ushauri kabla ya mkutano, si mbele za watu, na mpe eneo lake analolisimamia kweli, mfano kufundisha wanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wanaokuja kwa mazoezi. Kumsahihisha ni faraghani. Ila kama mkono wake uko karibu kumdhuru mgonjwa, msimamishe hapo hapo, kwa sauti ya chini.

Ugomvi ukishatokea

Ndani ya zamu zuia madhara tu, usihukumu. Watenganishe vitanda na endelea na kazi. Ndani ya siku moja msikilize kila mmoja peke yake, dakika kumi, kisha wakutanishe. Uliza tukio, usiulize tabia: "Dripu ya kitanda cha sita iliisha saa ngapi, nani alikuwa upande ule?" Wakisema "yamekwisha, bi mkubwa" katika dakika ya pili, hayajakwisha, muulize kila mmoja atafanya nini tofauti zamu ijayo. Andika mistari mitatu kwenye daftari, tarehe, walichokubaliana, na siku ya kukagua, wiki mbili mbele, wasaini. Likirudi, liende kwa metroni kwa maandishi. Ikiwa mmoja wao ni jamaa yako, na Pemba hilo halikosekani, kesi asikilize inchaji wa wodi nyengine.

Yapo yasiyo na suluhu ya chumbani. Dawa iliyoibwa, dozi iliyofichwa baada ya kukosewa, mgonjwa aliyepigwa au kutukanwa, mwanafunzi aliyebughudhiwa: hayo huandikiwa ripoti siku hiyo hiyo na kupandishwa juu. Watakuja wazee kukuombea usamehe. Waitikie kwa adabu, wapatie maji, na waambie ripoti imeshaondoka. Hakikisha kweli imeshaondoka.